Kushona Wanasesere wa Wachoraji wa Mandhari kwa Vitambaa Vilivyokwisha Kuvaliwa

Washonaji wengi wanaotaka kumtengeneza mwanasesere wa mchoraji fulani huanza na uso, wakahangaika na pua, ndevu na mikunjo ya paji, na mwishowe hupata sura isiyofanana na mtu yeyote. Uso wa kitambaa wenye upana wa sentimita 10 hauwezi kubeba sura ya mtu. Kwa mchoraji wa mandhari kuna njia iliyo bora zaidi, nayo ni nguo: nchi aliyoichora ina rangi zake na mpangilio wake wa udongo, miti na anga, na rangi hizo zimo tayari katika kanga zilizochakaa, vitenge, mashuka na nguo za mitumba zilizojaa majumbani mwetu. Kwa hiyo katika mwongozo huu mwili wa mwanasesere ni mmoja kwa wachoraji wote, uso una alama chache, na kazi yote ya heshima huwekwa mgongoni mwa koti, ambako mandhari hushonwa kwa viraka.

Mfano mkuu tutakaoutumia ni Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akasoma Makerere na baadaye chuo cha sanaa cha Slade mjini London, akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na akafariki mwaka 1993. Baada yake tutamgusa Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, kisha Bela, mchoraji wa karakana ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Utaratibu ni uleule kwa mchoraji yeyote wa eneo lako.

Kutazama picha kabla ya kushika mkasi

Tafuta picha tatu au nne za mchoraji wako, ama katika vitabu vya maktaba ama katika kurasa za makumbusho, uzitazame kwa muda wa kutosha. Chukua karatasi, uandike majibu ya maswali haya: mstari wa upeo umekaa juu au chini? Ni rangi ipi inayochukua nafasi kubwa kuliko zote? Watu wapo, na kama wapo ni wakubwa au wadogo? Miti imechorwa jani kwa jani, au kwa umbo moja la jumla?

Kwa Ntiro utaona kwamba nchi ni kubwa na watu ni wadogo, lakini ni wengi na wote wana shughuli: wanavuna, wanabeba, wanajenga, wanakwenda harusini. Migomba na miti imerahisishwa hadi kuwa maumbo ya mviringo yanayojirudia, na ardhi hupanda kuelekea juu ya picha hata anga ikabaki na nafasi ndogo. Majibu hayo manne ndiyo yatakayokuongoza unapochagua vitambaa, na mshonaji anayeruka hatua hii humaliza na koti zuri lisilomhusu mchoraji yeyote.

Kuchagua na kuandaa vitambaa

Utahitaji vitambaa vya aina tatu. Cha kwanza ni cha mwili, ambacho kinafaa kiwe pamba iliyofumwa kwa kubana, ya rangi ya kahawia. Suruali ya zamani au shuka nene vinafaa sana. Fulana si nzuri kwa mwili kwa sababu hunyumbuka unapojaza, na mwanasesere akavimba tumbo na mapaja bila mpango. Ikiwa fulana ndiyo pekee yenye rangi unayoitaka, ishonee kipande cha marekani kwa ndani kabla ya kukata.

Cha pili ni cha koti, na hapa napendelea nguo iliyovaliwa muda mrefu, kwa kuwa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kimekwisha kunywea kadiri kinavyoweza kunywea, na rangi yake imetulia. Cha tatu ni mabaki ya kila rangi kwa ajili ya viraka. Mafundi cherehani hukusanya vipande vidogo vya vitenge chini ya meza zao na mara nyingi hufurahi kumpata mtu wa kuvichukua. Omba pia vipande vya bitana, maana vitahitajika kwa Tingatinga.

Kanga inahitaji uangalifu wa pekee. Iinue mbele ya dirisha uitazame dhidi ya mwanga: sehemu ya katikati, ambayo mvaaji huikalia, huwa imelika na kuonekana kama shashi, ilhali pembe na pindo hubaki imara kwa miaka mingi. Kata viraka vyako pembeni. Angalia pia jina la kanga kabla ya kupitisha mkasi, kwa sababu methali iliyokatwa nusu inaweza kubaki na maneno ambayo usingependa yasomeke mgongoni mwa mtu unayemheshimu.

Fua kila kitambaa hata kama ni safi. Kisha lowesha kitambaa cheupe, ukisugue juu ya kila rangi nzito, hasa nyekundu, buluu ya kaniki na kijani kibichi. Kitambaa cheupe kikipata rangi, fua tena na suuza mpaka maji yatoke meupe. Rangi isipokoma kutoka, kiweke kando kitambaa hicho, kwa kuwa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyoingiwa na wekundu wa udongo haisafishiki tena. Piga pasi vyote kabla ya kupima.

Mwili

Chora kiolezo kwenye karatasi ngumu, kwa mfano ya boksi la nafaka. Kichwa na kiwiliwili viwe kipande kimoja: kichwa chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa 11, shingo yenye upana wa sentimita 5 na urefu wa 2, na kiwiliwili chenye upana wa sentimita 12 mabegani, 13 kiunoni na urefu wa 14. Mkono uwe na urefu wa sentimita 13 na upana wa 3.5 ukipanuka kidogo kiganjani. Mguu urefu wa sentimita 15 na upana wa 4.5. Hiyo ni mistari ya kushonea. Ongeza sentimita 1 nje ya mstari unapokata.

Kata vipande viwili vya kiwiliwili, vinne vya mikono na vinne vya miguu. Weka uso kwa uso, yaani pande za nje zikitazamana, upige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti, kisha ushone kwa cherehani au kwa mshono wa kurudi nyuma wenye hatua za milimita 2. Kwenye kiwiliwili acha upenyo wa sentimita 6 ubavuni na sehemu yote ya chini wazi. Kwenye mikono na miguu acha ncha ya juu wazi. Shingoni na kwenye mikunjo mingine kata vijipasuo vifupi kuelekea mshono bila kuugusa, ndipo ugeuze. Shingo isiyopasuliwa hivyo hukunjamana, na hakuna kujaza kunakoweza kuinyoosha.

Sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, ndiyo bora kwa kujazia kama unaipata, kwa kuwa ni nyepesi na haifanyi mabonge upesi. Pamba ya mto wa zamani nayo inafaa baada ya kuchambuliwa kwa vidole. Mabaki madogo sana ya nguo yanafaa kwa miguu tu, ambako uzito unasaidia mwanasesere kukaa. Anza na kichwa, ukisukuma kwa kijiti kisicho na ncha kali, kisha ufike shingoni. Hapa simama kidogo: kunja ukanda wa kitambaa kigumu uwe kama kidole, urefu wa sentimita 7, uuingize ili nusu iwe kichwani na nusu kifuani, halafu ujaze kuuzunguka kwa nguvu. Mwanasesere aliyeshonwa hivi hainamishi kichwa hata baada ya miaka ya kushikwashikwa. Endelea na kiwiliwili, lakini miguu na mikono iache sentimita 2 za juu bila kujazwa ili viungo viweze kukunjika. Ingiza ncha za miguu katika upenyo wa chini, funga kwa mshono wa kuficha unaopita mara mbili, kisha shona mikono mabegani na ufunge ubavu.

Uso na nywele

Macho mawili ya uzi mweusi, kila moja likiwa mishono sita iliyokaribiana, na mstari mmoja wa mdomo wa uzi wa kahawia iliyokoza, vinatosha kabisa. Yaweke macho katikati ya urefu wa kichwa wala si juu yake. Vifungo na shanga usivitumie usoni ikiwa mwanasesere atafika mikononi mwa mtoto mdogo, maana vikikatika humezwa. Na kwa maoni yangu hata kwa mwanasesere wa kuwekwa kabatini macho ya uzi yana utulivu ambao kifungo hakina.

Nywele fupi hupatikana vizuri kwa kushona vifundo vya uzi mweusi wa sufu iliyofumuliwa kutoka sweta kuukuu, vikibanana kuanzia utosini. Ikiwa mchoraji alijulikana kwa kofia au miwani, ongeza kitu hicho kimoja, ukome hapo.

Koti la Ntiro

Koti lina vipande vitano: mgongo mmoja wenye upana wa sentimita 15 juu, 19 chini na urefu wa 20, vipande viwili vya mbele vyenye upana wa sentimita 10, na mikono miwili ya mraba wa sentimita 12. Safari hii mshono umekwisha kuhesabiwa ndani ya vipimo. Usiunganishe chochote kwanza. Mandhari hushonwa juu ya mgongo ukiwa bado bapa mezani.

Kanuni ya viraka vya mandhari ni kuanza na kilicho mbali na kumalizia na kilicho karibu. Ukingo wa juu wa kila kiraka hukunjwa kwa milimita 5 na kulazwa juu ya ukingo mbichi wa kiraka kilichotangulia, hivyo kila kitu kilicho karibu na mtazamaji huficha mshono wa kilicho nyuma yake, kama ambavyo kilima cha mbele huficha mguu wa mlima. Panga vipande vyote kwanza bila kushona, urudi nyuma hatua mbili, utazame. Hapa ndipo karatasi yako ya maswali inaporudi mezani.

Kwa kuwa Ntiro hupandisha ardhi juu, anga ipewe sentimita 3 tu. Shati la buluu iliyopauka kutoka mitumba ni bora kuliko buluu mpya, na upande wa ndani wa kola yake mara nyingi una buluu mbili kwa wakati mmoja, iliyopigwa jua na isiyopigwa. Kibo hukatwa kutoka shuka jeupe kwa umbo pana lenye kilele bapa. Usiuchonge mlima kuwa na ncha, kwa sababu Kibo hauna ncha. Chini ya theluji weka ukanda mwembamba wa kijivu cha suruali kwa ajili ya mwamba na jivu la volkano, kisha ukanda wa kijani kilichokoza kwa msitu. Ukanda huo wa msitu usiurefushe. Sentimita 3 zinatosha.

Zilizobaki, zaidi ya nusu ya mgongo, ni za kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga. Hapa kaa muda mrefu, maana kihamba ndicho moyo wa picha zake: migomba juu, kahawa chini yake, nyumba ndani ya kijani, mfereji wa maji ukipita, na njia ya udongo mwekundu. Kwa migomba tumia kanga ya kijani yenye michoro ya korosho. Kata korosho moja moja ukifuata ukingo wake, uzipange tano au sita zikitokea sehemu moja na ncha zikianguka nje, nawe utakuwa na mgomba usiohitaji kuchorwa. Badilisha kijani kati ya mgomba mmoja na mwingine. Kitenge kimoja tu kikitumika kote, kihamba hugeuka kuwa uwanja. Njia ya udongo ikatwe kutoka kitambaa chekundu cha kahawia na ipande kwa kujipinda kutoka ukingo wa chini hadi msituni, ikipungua upana kadiri inavyopanda. Mfereji ni mstari mmoja wa uzi wa buluu uliodariziwa ukivuka mteremko, wala si ukishuka wima, kwa kuwa mifereji ya Wachaga huyaongoza maji kwa kuzunguka miteremko.

Watu huja mwisho, juu ya njia. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 1.5: fundo moja jeusi la kichwa, mishono mitatu iliyosimama ya rangi ya nguo, miwili mifupi ya miguu. Darizi watu kumi au zaidi, wote wakielekea upande mmoja, na wengine wabebe kitu kichwani. Mtu mmoja peke yake mgongoni mwa koti hilo angekuwa wa mchoraji mwingine.

Kuna njia ya pili ambayo naipenda hata zaidi. Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lina picha ya Ntiro ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Kwa koti la usiku, badilisha shati la buluu kwa kaniki iliyofuliwa mpaka weusi wake umekuwa laini, tumia kijani kilichokoza peke yake, na uwape wabebaji nguo nyeupe ili waonekane. Usijaribu kunakili picha yenyewe mtu kwa mtu. Chukua wakati wake, shughuli yake na giza lake, kisha upange mwenyewe.

Mandhari ikishakaa, piga bandi kila kiraka, piga pasi kwa kukandamiza bila kusugua, halafu shona kingo kwa mshono wa kuficha kwa uzi unaofanana na kiraka cha juu. Toa bandi. Sasa unganisha mabega, shona mikono ya koti ingali wazi, kunja na ushone ubavu na mkono kwa mshono mmoja mrefu, kisha kunja pindo la chini na la mbele. Vipande vya mbele viwe vya rangi moja tulivu, bila urembo, ili mtazamaji alazimike kumgeuza mwanasesere na kuikuta nchi mgongoni.

Tingatinga na Bela

Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta inayotumika kupaka baiskeli, juu ya vibao vya mraba vya mbao iliyoshindiliwa (hardboard), na akafariki mwaka 1972 akiwa amekwisha kuwafundisha wanafunzi ambao walieneza mtindo wake. Picha zake ni kinyume cha za Ntiro: nyuma kuna rangi moja au mbili tu, mbele yuko mnyama au ndege mmoja mkubwa, pengine na mti au majani machache. Kwa hiyo mgongo wa koti lake uwe kipande kimoja cha rangi kali, na juu yake kiraka kimoja kikubwa cha mnyama chenye ukingo mweusi ulioshonwa kwa uzi mnene. Hapa ndipo bitana inapohitajika, kwa sababu mng'ao wake unakaribia mng'ao wa rangi ile ya baiskeli kuliko pamba yoyote. Bitana huchanika kingoni, basi ikate ikiwa na sentimita 1 ya ziada na uikunje mara mbili. Madoa ya chui na manyoya ya kanga ndege yashonwe kwa vifundo vilivyojipanga, si vilivyotawanyika. Mkononi mwake shona kibao kidogo: karatasi ngumu ya mraba wa sentimita 5 iliyofunikwa kitambaa, kwa kuwa umbo la mraba ni sehemu ya kumbukumbu yake.

Bela alifanya kazi katika karakana iliyoanzishwa Elisabethville mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, pamoja na wachoraji kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na alijulikana kwa kupaka rangi kwa ncha za vidole badala ya brashi. Mwanasesere wake asipewe brashi. Gawanya kiganja kwa mishono minne ili vidole vitano vionekane, kisha uzungushie kila ncha uzi wa rangi yake. Mgongoni mwa koti usitumie viraka kabisa, ujaze kitambaa chote kwa mishono mifupi minene iliyolala sambamba, kijani juu ya buluu, njano juu ya kijani, mpaka samaki, ndege na majani vitokee ndani ya alama hizo. Kazi hii ni ya polepole kuliko zote, na haipendezi ikifanywa nusu.

Lebo, mauzo na matunzo

Ndani ya koti, chini ya kola, shona kipande cha marekani chenye jina la mchoraji, miaka yake, mahali alipotoka, na jina lako wewe mshonaji. Andika kwa uzi badala ya kalamu, kwa sababu wino hufifia. Ikiwa unauza, eleza wazi kwamba ni kazi yako ya heshima kwa mchoraji, usiyafanye mauzo hayo yaonekane kana kwamba yameidhinishwa na familia au chama chake. Na usishone nakala ya picha mahsusi kwa ajili ya biashara bila ruhusa, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na nchi jirani zina zake. Kununua vitambaa vipya ili kuharakisha oda ni jambo ninalolipinga waziwazi, kwani rangi iliyofifia kwa jua na sabuni ndiyo inayofanya udongo ufanane na udongo.

Mwanasesere asizamishwe majini. Koti livuliwe na kufuliwa kwa mkono katika maji ya baridi, likaushwe kivulini likiwa limelazwa. Mwili ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Hasa aliyejazwa sufi lazima akauke haraka, kwa hiyo mwanike mahali penye upepo kwa siku nzima kabla ya kumvisha tena. Ukimhifadhi sandukuni, mfunge katika kitambaa cha pamba, wala si mfuko wa plastiki, na uweke majani makavu ya mwarobaini pembeni yake, uyabadilishe kila yanapopoteza harufu.